Upande wa Pili wa Kompyuta ya Fundi

11 Januari

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama unaumwa basi iwe mafua tu, isiwe ule ugonjwa wako wa kusahau watu. Huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua akipanda ngazi, akiitwa mezani linapona. Mdogo wako kajifungua salama, mtoto wa kiume, sauti yake inafika barabara ya pili. Paka naye kazaa kabatini, juu ya ile ngozi nyeusi niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya wateja. Habari ndizo hizo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Nilikupigia mara mbili mwezi uliopita. Mara ya kwanza ulinieleza mambo ya kompyuta mbio mbio, nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikakata simu sijaelewa hata moja. Mara ya pili ukasema uko kwenye mkutano. Barua haina mkutano. Ukiniandikia hatua kwa hatua nitaibandika ukutani, niwe nafuata.

Kisa chenyewe ni hiki. Tangu Fundi aniache mjane, sasa miezi minane, karakana imebaki na mimi na cherehani. Unajua tulivyokuwa tukifanya: mimi nashona ngozi ya juu, yeye anakata soli. Na hatukuwa tukiwashonea watu kama wewe, wenye miguu inayolingana na akili isiyolingana. Wateja wetu ni wale ambao mguu mmoja ni mfupi, au umepinda, au hauna kisigino. Wako sabini na watatu, na kila mmoja mchoro wa soli yake umo kwenye kompyuta ya Fundi: wapi painuliwe, wapi pachimbwe, kwa kiasi gani.

Kompyuta yenyewe unaifahamu, maana ulimwekea wewe, kabla hujaondoka na kuubamiza mlango. Ikiwaka inaleta mistari miwili, uchague. Upande wa kwanza uko wazi hata kwa paka, humo mimi nacheza karata. Upande wa pili ni wa Fundi, na michoro yote imo huko. Huo ukiuchagua unakuomba neno la siri. Neno ninalo. Naliandika, linakataliwa. Naandika tena, linakataliwa tena. Mara ya tatu kioo kinazimika, mashine yenyewe imenisusa.

Nisingekusumbua kama si Mwalimu. Unamkumbuka, yule wa darasa la pili, mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole vinne. Soli yake ilipasuka Desemba. Nikampeleka kwa fundi viatu wa sokoni, akamkatia nyingine kwa kukadiria. Akatembea siku mbili, ya tatu mgongo ukamlaza kitandani. Mwalimu mkuu kamwambia kwamba asipoweza kusimama mbele ya watoto muhula wa pili ukifunguliwa, mwisho wa Mei, atahamishiwa stoo ya vitabu. Miaka kumi na tisa anafundisha watoto kusoma, leo akahesabu madaftari gizani! Nimemwahidi viatu. Na mimi nikiahidi natimiza, wapo wasioweza.

Sikuombi uje. Usije ukadhani nakuomba uje. Niandikie tu nibonyeze nini.

Shangazi yako

2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya wiki mbili na nusu, na nimeisoma mara mbili, mara moja kwa habari na mara moja kuhesabu mishale uliyonirushia. Nimepata kumi na moja. Hongera kwa mjukuu, mpe pole Baba, na huyo paka mwache alee.

Mimi nipo vile vile, ghorofa ya chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Ofisi nzima kompyuta ikikwama wananiteremkia mimi. Jana mkubwa mmoja aliniita kwa haraka, kompyuta yake imekufa. Nikapanda ghorofa tisa kwa miguu, nikakuta hajaichomeka kwenye umeme. Kwa hiyo usione haya kuniuliza lolote.

Sasa nisikilize. Upande ule wa Fundi haukufungwa kwa kufuli tu, umesimbwa. Chumba kilichofungwa kwa kufuli ukivunja mlango unakuta kiti bado ni kiti. Hapa ukivunja mlango unakuta kiti kimesagwa kikawa unga. Neno la siri peke yake ndilo linaloweza kuurudisha unga uwe kiti. Nilimwekea hivyo mwenyewe, kwa sababu alisema miguu ya watu ni siri zao. Kwa hiyo nakuomba sana, usimpelekee kijana yeyote wa mtaani anayejiita mtaalamu. Atakwambia anaifungua, halafu atafuta kila kitu na kukurudishia mashine nyeupe pe.

Angalia taa ndogo ya herufi kubwa kwenye kibodi, isiwe inawaka. Andika polepole, maana unapoandika neno la siri kioo hakikuonyeshi kitu, hata nukta, kwa hiyo ukikosea hutajua. Halafu niandikie neno lenyewe nilione. Huenda kuna herufi inayokuchanganya.

Kuhusu kuja, nilikuwa nimefikiria, lakini kazini likizo zimebana.

Mpwa wako

20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Ulihesabu kumi na moja? Ilikuwa kumi na mitatu, miwili imekupita.

Mtoto anaendelea vizuri, amempa baba yako kazi ya kumbeba na goti limenyamaza. Huyo kijana wa mtaani unayenionya habari zake alikuja mwenyewe, aliletwa na jirani. Akaketi kwenye kiti cha Fundi, akaviliza vidole vyake, akasema, "Mama, hii tunafuta tunaanza upya." Nikamwambia aanze upya kutembea. Hajarudi.

Taa ya herufi kubwa haiwaki. Neno ninalijua. Fundi alinipa mwenyewe hospitali, siku tatu kabla hajatutoka, sauti imeshaisha, akanitaka nilirudie mara tatu sikioni mwake. Herufi ndogo zote, bila nafasi. Ningesahau jina langu nisingesahau lile.

Lakini kukuandikia sikuandikii. Si neno la kuandikwa kwenye barua. Tafuta njia nyingine, ndiyo maana umesoma.

Mwalimu nilimtembelea Jumapili. Amepanga vitabu vya watoto kitandani anasahihisha amelala kifudifudi, karatasi ziko sakafuni. Ananiuliza, "Soli vipi?" Namwambia iko njiani. Iko njiani kutoka wapi, sikumwambia.

Pole kwa likizo kubana. Miaka sita imebana hivyo hivyo, itakuwa imeshonwa kwa uzi wa ngozi. Kwenye mazishi ililegea kwa saa tatu tu, ukala ukaondoka.

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo na paka pia.

Mtu akienda kwa daktari akaulizwa anaumwa wapi, akajibu "si pa kutaja," daktari afanye nini? Ampige ramli? Nimekaa na barua yako wiki nzima nikijaribu kuifungua kompyuta iliyo mbali nami siku mbili za safari, kwa neno nisilolijua, kwa mikono ya mtu asiyetaka kulisema. Shangazi, hapo hata mjuzi wa wajuzi anaomba maji ya kunywa.

Haya, nimekupatia njia. Ingia upande wa kwanza, huko kwenye karata zako. Karata funga. Fungua ule ukurasa wa kuandikia, Fundi alikuwa anauandikia risiti. Andika neno hilo kama unavyoliandika kule lilikokataliwa, vile vile, kwa mikono ile ile. Kisha lichapishe kwenye karatasi uniletee kwenye bahasha. Nitaliangalia kwa jicho la fundi tu. Liwe tusi, liwe sala, halinihusu.

Na nijibu kwa kweli: tangu Fundi aondoke, mashine hiyo imepatwa na jambo lolote? Imeanguka? Imenyeshewa? Kuna mtu kabadilisha kitu?

Mambo ya likizo tuyaache. Nilikula kwa sababu niliwekewa sahani.

Mpwa wako

6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimu, anauliza unakula vizuri. Nimemwambia kwamba ukiwekewa sahani unakula.

Karatasi uliyotaka imo humu, kwenye bahasha ndogo. Utaona nimeishona pembeni kwa mashine. Nataka ukiifumua ukumbuke kwamba nilikataa na wewe ukalazimisha. Sikuitazama. Naandika nimeinamia kibodi, natafuta herufi moja moja mpaka niione, na karatasi ilipotoka ilikuwa imegeukia chini, nikaikunja hivyo hivyo. Nimeona haya kuiona.

Mashine haijapatwa na kitu. Haijaanguka wala haijanyeshewa. Imetulia mahali pake, safi, safi hata kuliko ilivyokuwa enzi zake.

Mwalimu juzi alijaribu kusimama na kiatu kipya upande mmoja na cha zamani upande wa pili, kimejazwa matambara. Alifika mlangoni. Mwalimu mkuu naye ni mtu mwema kupita kiasi, ameshamwekea meza stooni, na kalenda ya mwaka juzi ukutani asije akaboreka.

Zimebaki wiki saba. Nimeogopa, mwanangu. Hapo sina kejeli.

Shangazi yako

19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. "Safi hata kuliko enzi zake." Shangazi! Umeiosha kibodi.

Usibishe, karatasi imekusema. Hii hapa iliyotoka: wepinbaviimaridulumu. Nilidhani Fundi alikuwa na mganga. Nikaiweka ukutani, nikanywa chai, nikaitazama tena, ndipo nikaona. Vile vifuniko vya herufi umevichomoa, ukavisugua, ukavirudisha. Vingi umepatia. Lakini M umeiweka kwenye nyumba ya N, na N kwenye nyumba ya M. Na U na I nazo zimebadilishana. Wewe unabonyeza palipoandikwa M, mashine inapokea N. Kule kwenye neno la siri huoni kitu, na karata hazitaki herufi, kwa hiyo ungeweza kukaa miaka kumi hujajua. Neno lako lilikuwa sahihi siku zote, mikono ndiyo iliyokuwa inadanganywa.

Dawa yake: zima mashine. Chukua kisu cha mezani, kile butu, chokonoa hivyo vifuniko vinne polepole, kila kimoja kikae kwa mwenziwe. M iwe herufi ya mwisho kulia kwenye safu ya chini, ikipakana na alama ya mkato. U itangulie, I ifuate. Halafu washa, shuka mstari wa pili, andika. Itakaa kimya kama dakika moja. Usiizime, inaurudisha unga uwe kiti.

Nilikuahidi jicho la fundi tu. Lakini kuzipanga herufi bila kuzisoma siwezi, nimezisoma. "We pumbavu unarudi lini." Sina haja ya kuuliza pumbavu ni nani.

Miaka sita! Kila asubuhi, kabla ya chai, mtu anaketi na kunitukana ndipo aanze kazi. Basi na mimi niseme langu, maana likizo haijabana, wala haijawahi kubana. Unakumbuka yule mzee wa kutengeneza saa. Soli yake niliikata mimi, nilipokuwa najifunza kazi kwa Fundi. Akaanguka ngazini kwake akavunjika mkono, mkono wa kazi, hakushika saa tena. Fundi akanisimamisha mbele ya wateja akasema sina jicho wala mkono, nitaua mtu. Sikumjibu kwa sababu niliona anasema kweli. Tangu siku ile sijashika kisu cha soli. Kwenye mazishi nilimwona yule mzee amekaa mstari wa mbele, mkono umekunjwa mapajani. Nikala, nikaondoka. Sasa umejua.

Fungua hiyo mashine. Mtafute mkataji mzuri, umpe mchoro wa Mwalimu.

Mpwa wako

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakutumia hii kwa njia ya haraka, na salamu za nyumbani nimeziacha nyumbani, wote wazima.

Imefunguka.

Ndiyo, niliiosha. Kwa sabuni. Wiki ile baada ya mazishi, watu wameshaondoka, nyumba kimya. Nikaona kibodi imejaa gundi na vumbi la ngozi la miaka kumi na moja, na alama za vidole vyake. Alipokuwa hai sikuthubutu kuigusa. Nikakaa nachomoa herufi moja moja nikilia, nikiona bora mikono iwe na kazi. Ndiyo maana ziliingia nyumba za watu. Sikukwambia kwa sababu hata yeye nisingemwambia.

Kisu butu kimefanya kazi. Nikaandika neno, nikangoja, kioo cheusi, nikaanza kuhesabu. Nilipofika arobaini picha ikatokea. Michoro yote imo, sabini na mitatu, kila mtu na miguu yake. Nilikaa mbele yake mpaka chai ikapoa.

Kuhusu neno. Sikukuandikia kwa sababu ile si siri tu, ni swali. Ningeliandika kwa mkono wangu ungesema ni mimi ninayeuliza. Na nisingeweza kukana. Unasema alikuwa anakutukana kila asubuhi. Mtu akitukana, hutukana mara moja akaendelea na mambo yake. Huyu alikutaja wewe kila siku ya Mungu kabla hajanisalimia mimi mkewe. Neno la siri si lilikuwa linaweza kubadilishwa? Wewe ndiwe uliyemfundisha namna ya kulibadilisha.

Mchoro wa Mwalimu niliuchapisha, nikampelekea yule wa sokoni. Akaugeuza juu chini, akauliza hii ni ramani ya wapi. Nikampelekea na mwingine wa ng'ambo ya pili, akasema mistari ya namna hii hajawahi kuiona. Mtu wa kuisoma ni mmoja tu aliyebaki duniani, naye anapanda ghorofa tisa kuchomeka nyaya za wakubwa.

Sasa liko jambo la mwisho, na hili ulisome umeketi. Nilipokuwa natafuta mchoro wa Mwalimu nilikuta wa mzee wa saa. Chini yake Fundi ameandika, na tarehe ni siku mbili baada ya wewe kuondoka. Nimekuchapishia, lakini nakunakilia nikiogopa karatasi isije ikapotea: "Kipimo nilichompa kijana kilikuwa cha mguu wa kulia. Soli ilikuwa ya kushoto. Yeye alikata sawasawa kama nilivyomwandikia. Kosa ni langu."

Sikujua. Naapa kwa kila ninachoapia. Marehemu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo mpana wa kulaumu na mwembamba wa kuomba radhi. Akaona rahisi kuiungamia mashine, kisha akaifunga isitoboe siri. Nimemkasirikia jana kutwa, na kumkasirikia maiti kunachosha, maana hajibu.

Mwalimu mkuu anafungua shule tarehe ishirini na saba.

Shangazi yako

12 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeiketia kama ulivyoniambia. Kisha nikasimama. Kisha nikatoka nje ya kile chumba, nikatembea mitaa mitano sijui ninakokwenda, namgombeza mtu aliyekufa kwa sauti, watu wakinipisha njia. Miaka sita nimejiita muuaji wa mikono ya watu. Yeye alijua siku ya pili. Siku ya pili, Shangazi! Alikuwa na namba yangu, alikuwa na anwani yangu, akaona aiandikie kompyuta.

Sijamsamehe. Labda nitamsamehe, lakini si mwezi huu, na usinihimize. Mzee wa saa nitamwendea mwenyewe na hiyo karatasi mkononi. Anastahili kuisoma kabla ya mtu mwingine.

Ofisini nimewaambia naondoka Ijumaa. Mkubwa wa ghorofa ya tisa kauliza nani atamtazamia mashine yake. Nimemwonyesha soketi.

Nitafika kwako Jumapili jioni, huenda nikaitangulia barua hii. Nitolee visu, na ngozi nene ya soli, ile asiyoilalia paka. Na mchoro wa Mwalimu uuweke mezani, nitausoma. Lakini mwambie mwenyewe aje Jumatatu asubuhi, avue soksi zote mbili. Nitampima mimi, kushoto na kulia, kisha nitarudia. Kipimo cha kupewa sikichukui tena, hata kikiwa cha marehemu.

Mpwa wako